Shajara ya mradi: sauti kwa aliyepooza, Mtwara 2024

Februari

Kazi imeanza mwezi huu katika karakana ya fundi mwenzetu, Chikongola. Lengo tumeliandika ubaoni kwa sentensi moja ili tusilibadilishe kila tunaposoma habari mpya: kumwezesha mtu aliyepooza mwili mzima, lakini mwenye akili timamu, aseme anachotaka kwa lugha anayozungumza nyumbani kwake. Tuko wanne: mimi ninayefundisha fizikia sekondari, fundi wa elektroniki, mtaalamu wa fiziotherapia, na kijana anayeandika programu za kompyuta.

Habari za kampuni ya Marekani ya Neuralink kumpandikizia mtu wa kwanza kifaa chake ubongoni mwezi Januari zimefika hadi vijiweni, na kila tunayemweleza shughuli yetu huuliza kama tutampasua mtu kichwa. Hatutampasua mtu. Kifaa kile cha Marekani kina elektrodi 1,024, yaani vipande vidogo vya kunasia umeme, katika nyuzi nyembamba ambazo roboti huzipenyeza ndani ya gamba la ubongo. Sisi tutakuwa na elektrodi nane zinazokaa juu ya ngozi, na kutoka hapo umeme wa ubongo unaopatikana ni kati ya sehemu kumi na mia hivi tu za milioni moja ya volti, kwa kuwa fuvu na ngozi huufifisha na kuuchanganya. Ni sawa na kumsikiliza mtu anayenong'ona ndani ya nyumba yenye harusi, wewe ukiwa umesimama barabarani. Hata hivyo mnong'ono huo unasikika. Hans Berger, daktari wa Jena, Ujerumani, aliunasa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, miaka mia moja kabla ya mwaka huu, akiwa na vifaa ambavyo fundi wetu asingekubali hata kuvifungua.

Amplifaya tuliyonunua, yaani kifaa cha kuukuza umeme huo mdogo, imejengwa juu ya chipu ya ADS1299, yenye njia nane na uwezo wa kusoma ishara mara 250 kwa sekunde, na inatumia betri. Hilo la betri litakuwa na umuhimu wake baadaye.

Mshiriki wetu ni mama mmoja wa Mikindani, fundi cherehani, ambaye kiharusi kilishika shina la ubongo wake, katika ile sehemu inayoitwa daraja. Njia zote zinazopeleka amri za mwendo kutoka ubongoni kwenda kwenye uso, ulimi, mikono na miguu hupita hapo, ndiyo maana hawezi kusema wala kuinua kidole. Macho hayaendi kushoto wala kulia, kwa sababu vituo vya mwendo huo viko mle mle palipoumia, lakini yanapanda na kushuka, kwa kuwa vituo vya mwendo wa juu na chini viko katika ubongo wa kati, juu ya jeraha. Anasikia, anaelewa, anakumbuka. Ukimwambia "Shikamoo, Mama," hupandisha macho, na kila aliyemo chumbani anajua kwamba hiyo ndiyo marahaba yake.

Utafiti wowote unaomhusu binadamu nchini unapaswa kupitia kibali cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, nasi hatukumgusa kabla kibali hakijawa mkononi. Ridhaa yake mwenyewe tuliitafuta kwa njia ambayo ningependa wengine waige: kila swali tuliliuliza pande mbili, kwa siku tofauti, mara "Unataka tuendelee?" na mara "Unataka tuache?", ili jibu la ndiyo lisitokane na uchovu au na mazoea ya kupandisha macho anaposemeshwa.

Machi

Kabla ya kutoa kifaa chochote kwenye sanduku, tumeamua kutengeneza ubao wa kadibodi. Sababu ni kwamba familia ilikuwa inatumia ndiyo na hapana pekee: mdogo wake anauliza, "Dada, una njaa? Una kiu? Unaumwa?" naye anajibu kwa macho. Kwa utaratibu huo mgonjwa anaweza kusema tu kile ambacho mwenzake amekwisha kukifikiria.

Mbao za namna hii zinazoelezwa katika maandiko ya kigeni hupanga herufi mojamoja. Kwa Kiswahili huo ni upotevu wa bure, maana silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, na mtu yeyote aliyepita darasa la kwanza ameimbishwa ba be bi bo bu mpaka ikamkaa kichwani. Tumehesabu konsonanti 25, tukijumuisha ch, dh, gh, ng', ny, sh na th, na bahati njema zinakaa sawasawa katika safu tano za herufi tano. Mdogo wake anapitisha kidole kwenye safu, Mama anapandisha macho safu inapofika. Kidole kinapita ndani ya safu, anapandisha tena. Kisha mdogo wake anataja irabu polepole, a, e, i, o, u. Safu ya sita ina irabu zinazosimama peke yake, pamoja na alama ya konsonanti isiyofuatwa na irabu, kwa ajili ya maneno kama mtoto na mbuzi.

Neno la kwanza alilounda lenye maana kamili lilikuwa "feni." Mdogo wake akadhani ameomba iongezwe kasi, akaongeza. Mama akashusha macho kwa nguvu. Ikarudiwa hapana ya pili, ya tatu, hadi mtaalamu wa fiziotherapia alipoinama akatazama usawa wa kitanda na kuona kwamba upepo wa feni ya kusimama ulikuwa unampiga moja kwa moja machoni, mchana na usiku, na macho ndiyo kiungo pekee anachokitumia. "Jamani, tulimwekea kwa ajili ya joto," alisema mdogo wake. Feni ikageuzwa ukutani.

Nimeandika tukio hili kwa urefu kwa sababu ya kitaalamu. Sasa tuna kipimo. Kadibodi na kalamu ya wino mzito vimefanya kazi bila umeme, na mashine yoyote tutakayoleta lazima ithibitishe kwamba inaongeza kitu ambacho ubao huu hauna.

Aprili

Mwezi huu umekwenda kichwani, na nasema kichwani kwa maana ya nje. Elektrodi za EEG, yaani upimaji wa umeme wa ubongo kutoka juu ya ngozi ya kichwa, zinahitaji kugusa ngozi kupitia jeli yenye chumvi, na upinzani wa umeme kati ya elektrodi na ngozi unatakiwa uwe mdogo, kwa desturi chini ya kiloomu 5 hadi 10. Siku ya kwanza tulipojaribu, usomaji ulikuwa juu kupita kiasi katika njia zote. Nywele nene zilikuwa zinazisukuma elektrodi juu, na chini ya nywele kulikuwa na mafuta ya nazi, ambayo mdogo wake humpaka kila asubuhi kwa mapenzi yote, na mafuta ni kizuizi kizuri cha umeme.

Suala la mafuta lilitatuliwa kwa makubaliano: siku ya kazi nywele zinaoshwa kwa sabuni usiku uliotangulia, na mafuta yanasubiri hadi tuondoke. Suala la nywele lilihitaji mtaalamu ambaye hakuwa katika kikundi chetu. Mwaka 2020, Arnelle Etienne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walionyesha kwamba nywele za Kiafrika zikisukwa mistari inayopita kando ya mahali pa elektrodi, ngozi inabaki wazi na mguso unakuwa bora zaidi. Kwa miaka mingi kofia za EEG zilikuwa zimetengenezwa kana kwamba nywele za aina moja tu ndizo zipo duniani. Tulimwita msusi kutoka Magomeni. Hakuhitaji makala yoyote. Alichotaka kujua ni sehemu zipi hasa ziwe wazi.

Hapo ndipo futi ya Mama mwenyewe, ile ya kushonea, ilipotumika. Kanuni ya kimataifa ya kupanga elektrodi huanza kwa kupima kutoka kwenye bonde la pua, kupitia utosi, hadi kwenye kinundu cha kisogoni. Sehemu inayoitwa Oz, iliyo juu ya eneo la ubongo linalopokea kuona, iko asilimia 10 ya umbali huo kutoka kwenye kinundu. Ikiwa umbali ni sentimita 36, unapanda sentimita 3.6. Msusi alishika futi, akaweka alama kwa penseli ya nyusi, kisha akasuka twende kilioni iliyonyooka kuelekea kisogoni, njia tatu za ngozi zikapita juu ya alama zetu kama tulivyoomba. "Dada, hapa umependeza, tena unafanya kazi," alimwambia. Upinzani ulishuka hadi kiwango kinachokubalika na ukabaki hapo kwa kipindi chote cha kazi. Msusi sasa ni mwanachama wa tano, na malipo yake yako katika bajeti kama ya mtu mwingine yeyote.

Mei

Kimbunga Hidaya kimetuachia mvua na barabara ya Dar es Salaam iliyokatika eneo la Somanga, Kilwa, hivyo elektrodi za akiba zilizokuwa njiani zimekaa njiani. Kisha nyaya za intaneti za chini ya bahari zikapata hitilafu na nchi karibu nzima ikawa gizani kimtandao. Kijana wetu alikuwa amekwisha kupakua maktaba zote za programu, na ndiyo faida ya kufanya kazi na mtu mwenye wasiwasi.

Muda huo tumeutumia kupambana na umeme wa nyumba. Nyaya za ukutani hubeba volti 230 zinazogeuka mara 50 kwa sekunde, na mwili wa binadamu huupokea mgeuko huo kama antena. Ishara tunayoitafuta ni ndogo mara nyingi kuliko uchafu huo. Kichujio cha programu kinaweza kuondoa hezi 50, lakini ni bora kuzuia kabla ya kuchuja, kwa hiyo fundi aliweka amplifaya kwenye betri, akachomoa chaja ya kompyuta, kisha akaanza kuzima kitu kimoja kimoja ndani ya nyumba huku mimi nikitazama mstari kwenye kioo. Taa ilipozimwa, mstari haukubadilika. Friji ilipozimwa, ukapungua kidogo. Feni ilipochomolewa kabisa, si kuzimwa tu, mstari uliokuwa mnene kama kidole ukawa uzi. Waya wake ulikuwa umepita chini ya kitanda cha chuma, na kitanda chenyewe kilikuwa kinaueneza mgeuko huo hadi mwilini mwa mgonjwa. Waya umehamishiwa upande wa pili wa chumba.

Jasho nalo lina sehemu yake. Katika joto la Mtwara, jasho linapoanza kutoka chini ya elektrodi hubadilisha volti polepole, na mstari mzima hupanda na kushuka kwa mawimbi marefu. Mawimbi hayo yako chini ya hezi moja, hivyo yanachujika, lakini tumeamua kufanya kazi saa za asubuhi mapema.

Juni

Sasa tumefika kwenye ubongo wenyewe. Njia inayojulikana zaidi ni ile ya Farwell na Donchin ya mwaka 1988: jedwali la safu sita kwa sita, herufi na alama 36, safu zinawaka kwa zamu bila mpangilio, na herufi unayoitaka ikiwaka, takriban milisekunde 300 baadaye ubongo hutoa wimbi la kutambua. Kwa Mama jedwali hilo halifai, kwa sababu macho yake hayawezi kwenda kulia na kushoto, na herufi iliyo pembeni ya macho hutoa wimbi hafifu.

Tumechagua njia ya mimweko. Ukitazama kisanduku kinachomweka mara 12 kwa sekunde, eneo la kuona kisogoni huanza kutoa umeme wa hezi 12 na zidisho zake. Ukihamia kinachomweka mara 10, nao unahamia. Kompyuta inalinganisha tu. Tumepanga visanduku vitatu kwa wima, juu, kati na chini, ili vilingane na mwendo wa macho uliobaki.

Uchaguzi wa kasi ya mimweko haukuwa wa kubahatisha. Kioo cha kompyuta yetu hujichora upya mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo kasi safi ni zile zinazotokana na kugawa 60 kwa namba kamili: 15, 12, 10, 8.57 na 7.5. Tumeiacha 15 kwa sababu ni zidisho la 7.5, na pia inakaribia eneo la hezi 16 hadi 25 ambalo ndilo huchochea zaidi degedege kwa watu wenye kifafa cha mwanga. Familia imeulizwa kwa kina kuhusu historia ya kifafa, na haipo. Hezi 10 nayo ina kasoro yake, kwani ubongo uliopumzika, hasa macho yakifumbwa, hutoa wimbi lake lenyewe la hezi 8 hadi 13, lenye nguvu zaidi karibu na 10, na usingizi ukimnyemelea mtu, kompyuta inaweza kudhani amechagua. Tumebaki na 7.5, 8.57 na 12.

Hesabu ya silabi ilinifurahisha zaidi ya inavyostahili. Visanduku vitatu vikichaguliwa mara tatu mfululizo hutoa nafasi 27: konsonanti 25, nafasi moja ya irabu inayosimama peke yake, na moja ya kufuta. Vikichaguliwa mara mbili hutoa nafasi 9: irabu tano, alama ya kutokuwa na irabu, nafasi kati ya maneno, kufuta na kumaliza. Hakuna nafasi hata moja iliyopotea.

Kikwazo ambacho hakuna makala iliyotuonya ni mto. Elektrodi zetu ziko kisogoni, na Mama hulala chali. Kila uzito wa kichwa unapohama, elektrodi zinasogea na mstari unaruka. Fundi alikata kipande cha godoro la sponji, akatoboa tundu katikati, na sasa Mama hukalishwa kwenye kiti mwendo, kisogo kikiwa kinaning'inia ndani ya tundu bila kugusa kitu.

Julai

Mashine inafanya kazi. Akiwa ametulia asubuhi, inachagua kisanduku anachokitazama mara nyingi zaidi kuliko inavyokosea, na ameandika maneno mafupi bila mtu yeyote kumpitishia kidole ubaoni.

Sasa kuhusu muda. Kila uchaguzi unahitaji kutazama kwa takriban sekunde tano na mapumziko ya sekunde mbili, na silabi moja ni chaguzi tano, yaani sekunde 35. "Nataka maji" ni silabi tano, hivyo ni karibu dakika tatu ikiwa hakuna kosa hata moja. Kwenye ubao wa kadibodi, mdogo wake akifika "nata" amekwisha kumaliza sentensi na kikombe kiko mkononi. Baada ya muda mfupi wa mimweko, Mama hufumba macho. Tulimuuliza kama inamchosha. Alipandisha macho.

Kijana wetu anataka kuongeza utabiri wa maneno, na atafanya hivyo. Lakini tatizo si kasi peke yake, na mtaalamu wa fiziotherapia amelisema waziwazi katika kikao: tumejenga njia ya pili ya kufanya jambo ambalo ubao unalifanya vizuri zaidi, tukaongeza jeli, nyaya na maumivu ya macho.

Agosti

Tarehe 14 jarida la New England Journal of Medicine limechapisha kazi ya Chuo Kikuu cha California, Davis. Mwanamume mwenye ALS, ugonjwa unaoua polepole neva zinazoamuru misuli, aliyepandikizwa elektrodi 256 katika eneo la ubongo linaloendesha usemi, anajaribu kutamka na kompyuta inasema kwa niaba yake, kwa usahihi uliofika asilimia 97. Mwaka uliotangulia makundi mawili ya California yalifikia maneno 62 na 78 kwa dakika, wakati mazungumzo ya kawaida ya Kiingereza huwa karibu 160. Tumeisoma makala kwa sauti karakanani, aya kwa aya, kijana wetu akitafsiri pale nilipokwama. Tofauti kati ya kazi ile na yetu haitokani na bidii. Elektrodi iliyo ndani ya gamba husikia seli moja moja; iliyo juu ya ngozi husikia mamilioni kwa pamoja. Hakuna programu itakayoziba pengo hilo lote.

Mtaalamu wetu wa fiziotherapia alikuwa na swali lake kuhusu mwendo, kwa kuwa anahudumia watu walioanguka kutoka kwenye minazi na walioumia kwenye bodaboda. Nilimweleza kazi ya Lausanne ya mwaka 2023, ambako Grégoire Courtine na wenzake waliunganisha ubongo na uti wa mgongo chini ya jeraha hadi mtu aliyepooza akatembea kwa magongo, na kifaa cha IpsiHand kilichoruhusiwa Marekani mwaka 2021, ambacho husoma EEG ya nia ya kufungua kiganja na kukifungua kwa mtambo, kwa wagonjwa wa kiharusi. Hicho cha pili hakihitaji upasuaji, na elektrodi zake ziko juu ya eneo la mwendo, si kisogoni. Kinawezekana hapa. Si mwaka huu.

Septemba

Tumebadilisha lengo dogo, si lengo kuu. Chanzo ni jibu la Mama mwenyewe. Tulimwekea ubao na kumuuliza mashine imsaidie katika jambo gani, akaandika "kuita."

Nimelifikiria jibu hilo kila siku tangu nilipolisoma. Ubao unamwezesha kujibu kwa maneno yake, lakini ili ubao uletwe lazima mtu awepo, amtazame na aamue kwamba huu ni wakati wa kuongea. Mtu akiwa jikoni au uani, Mama hana njia. Makundi makubwa ya utafiti hupima maneno kwa dakika, na ni haki yao. Hapa kipimo cha kwanza kinapaswa kuwa kama mtu anaweza kuyaanzisha mazungumzo.

Kuita kwa mimweko hakufai, maana mtu hawezi kukaa mbele ya visanduku vinavyomweka siku nzima. Kuita kwa kufikiria mwendo wa mkono kunawezekana kinadharia: wimbi la hezi 8 hadi 12 lililo juu ya eneo la mwendo hupungua mtu anapofikiria kukunja ngumi, jambo ambalo Gert Pfurtscheller wa Graz, Austria, alilichunguza kwa miaka mingi. Tatizo lake ni kengele za uongo. Kengele inayolia yenyewe usiku wa manane itapuuzwa ndani ya wiki moja, na baada ya hapo itapuuzwa hata inapolia kweli.

Oktoba

Msimu wa korosho umefika na nusu ya familia imekwenda shambani Tandahimba. Amebaki mdogo wake peke yake, na sehemu kubwa ya siku yuko nje. Haja ya kengele sasa si ya majadiliano.

Fundi ndiye aliyependekeza tuangalie uchafu. Tangu Aprili tumekuwa tukifuta kutoka kwenye rekodi zetu miruko mikubwa inayotokea kila Mama anapotembeza macho. Jicho lina chaji, upande wa mbele ukiwa chanya ukilinganisha na wa nyuma, kwa hiyo linapopanda, elektrodi iliyo juu ya nyusi huona volti ikipanda na iliyo chini ya jicho huiona ikishuka. Ishara hiyo ni kubwa mara kadhaa kuliko EEG, haihitaji kisogo wala mto wenye tundu wala msusi, na inasomwa na amplifaya ile ile. Tena chipu yetu haikati mawimbi ya polepole, hivyo jicho likishikiliwa juu, mstari nao unabaki juu.

Amri ya kuita tumeipanga iwe juu, chini, juu, kila hatua ikishikiliwa kidogo, kwa sababu kupandisha macho mara moja ni ndiyo yake ya kila siku na kupepesa ni kwa kawaida. Programu hupima tofauti ya ghafla badala ya kiwango, ili jasho lisihesabiwe kuwa wito. Kwa sauti, fundi alianza na honi ya pikipiki, kuku wakatawanyika na mtoto wa jirani akaja mbio kuuliza nani kagongwa. Sasa ni mlio wa simu ya zamani, ambao mdogo wake huusikia hadi kisimani.

Mara ya kwanza aliyoita bila kuombwa, mdogo wake alikuja akiwa na ubao mkononi, akipitisha kidole kabla hajakaa. Alitaka mlango ufungwe, inzi wameingia.

Novemba

Kuna mjadala ndani ya kikundi kama kazi yetu bado ni ya kuunganisha ubongo na kompyuta, kwa kuwa kengele inasoma jicho. Kwa maana kali, si hiyo. Msimamo wangu ni kwamba pale ambapo msuli mmoja bado unatii, huo utumike kwanza, na umeme wa ubongo uwekwe kwa ajili ya yule ambaye hata macho yamemwacha, jambo linaloweza kutokea ALS inapofika mwisho wake. Kijana wetu hakubaliani nami. Anaamini tukiacha mimweko mwaka huu hatutairudia. Tumekubaliana kwamba msimbo wa visanduku vitatu uhifadhiwe ukiwa na maelezo kamili ya Kiswahili, ili kikundi kingine kiweze kuuendesha bila kutuuliza, na kwamba mara moja kwa mwezi, Mama akiridhia kwa maswali ya pande mbili, turudie jaribio la silabi tukiwa na utabiri wa maneno.

Kabla ya mvua kuanza, kazi zilizobaki ni hizi. Betri inahitaji kudumu usiku kucha, kwa hiyo amplifaya itaamshwa kusoma njia mbili tu badala ya nane. Elektrodi za usoni huacha alama nyekundu zikikaa muda mrefu, na mtaalamu wa fiziotherapia ameagiza zihamishwe kati ya jicho la kulia na la kushoto kila siku hadi tupate gundi laini zaidi. Ubao wa kadibodi umeanza kuchakaa kwenye kona kwa unyevu wa bahari, na msusi amejitolea kuuchapisha upya na kuufunika kwa plastiki, nakala tatu: moja ya kitandani, moja ya kiti mwendo, na moja ya kuning'iniza uani ambako wageni hukaa. Bajeti ya kifaa cha kiganja, cha mfano wa IpsiHand, itaandikwa Januari, pamoja na ombi jipya la kibali, kwa sababu kile tulicho nacho hakihusu mwendo.